Ushauri: kurekodi sauti mara nyingi juu ya lupu moja

Mdau wa Chang'ombe
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, narekodi chumbani kwa laptopu ya Windows na maiki ya USB. Kuna dada anaimba Kigogo, nimemtengenezea lupu (kipande cha muziki kinachojirudia) ya marimba ya vidole, baa 8 za mapigo manne manne, tempo 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Nataka lupu izunguke, yeye arudie ubeti bila kusimama, halafu nichague vipande vilivyokaa vizuri. Natumia programu ya kurekodi ya Audacity 3, na nikirekodi lupu haizunguki. Halafu sauti inachelewa nyuma ya biti. Naombeni msaada, sauti yake ni ya pekee.

Fundi Mitambo
Mkuu, Audacity 3 haina kurekodi kwa mzunguko. Chagua lupu, tumia efekti ya Repeat iwe ndefu, arekodi moja kwa moja, wewe utakata baadaye. Kuchelewa kunapimika: kwenye mipangilio weka fidia ya ucheleweshaji sifuri, tengeneza metronomu, bana hedifoni kwenye maiki, rekodi. Kuza picha ya sauti kwenye skrini uone mlio uliorekodiwa umechelewa milisekunde ngapi, uandike namba hiyo ikiwa hasi. Hedifoni za Bluetooth weka kando, tumia za waya.

Prodyuza Makulu
Jaribu Reaper, programu nyingine ya kurekodi, unaruhusiwa kuijaribu siku 60. Chagua eneo la wimbo la kurudiwa, washa kurudia, bonyeza rekodi: kila mzunguko unahifadhiwa kama teki yake (rekodi moja ya jaribio moja) na hakuna inayofutika. Ila usianzie eneo pale pale anapoingia. Mwongezee baa moja kabla ya hapo. Kwa tempo 90 ni kama sekunde 2.7. Bila hiyo lupu inarudi mwanzo yeye bado anavuta neno la mwisho, na neno la kwanza la teki inayofuata linatoka bila pumzi. Hili ndilo linaloharibu teki nyingi kuliko maiki.

Mwalimu wa Kwaya
Mwanangu, mpumzishe huyo binti. Mizunguko michache, maji, kisha tena. Koo likichoka hata teki mia hazisaidii. Na usichague neno moja moja, chukua sentensi nzima yenye hisia, ukate kwenye pumzi.

Mdau wa Chang'ombe
Shikamoo mwalimu, asante. Nimepima: sauti sasa imekaa kwenye biti. Ila nikiunganisha teki mbili nasikia kama chumba kinabadilika.

Fundi Mitambo
Huo ni upepo kwenye bati, msimu huu Dodoma unavuma mchana kutwa. Teki moja ina mvumo, nyingine haina. Rekodi alfajiri, tundika blanketi nyuma yake, asisogee kutoka kwenye maiki. Kwenye kiungo pishanisha teki kwa milisekunde 10 hivi, moja ikififia nyingine ikipanda.

Prodyuza Makulu
Kabla hajaanza kuimba, rekodi pia sekunde kadhaa za chumba kitupu. Utazihitaji kuziba mapengo kati ya mistari.