Re: Zawadi ya Krismasi kwa shangazi msoma vitabu, Nansio

Kutoka: Leicester

Wana Mwanza wenzangu, mwangaluka.

Naleta swali mapema ili Desemba isinikute nalia. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na kitu anachopenda kupewa ni vitabu tu. Mwaka jana nilimkusanyia riwaya za Kiingereza kwenye duka la mitumba la hapa, kitabu peni hamsini, boksi likajaa. Kulituma kukanila hela kuliko vitabu vyenyewe, na Krismasi ikapita bila boksi. Lilifika Februari. Nikapiga simu, akasema, "Vimefika mwanangu, asante." Halafu akaanza kuniuliza habari za baridi. Anayemjua shangazi anajua hapo hakuna furaha.

Mwaka huu nifanyeje?

Kutoka: Minneapolis

Mwanangu wa Leicester, marahaba. Shikamoo hukuiandika lakini nimeipokea.

Nianze na posta, halafu nikugombeze. Huko Uingereza, ukienda posta uliza huduma ya machapisho, yaani "Printed Papers". Kifurushi kidogo cha kwenda nje kinaishia kilo 2, lakini vitabu wanavikubali hadi kilo 5. Huku Marekani tuna gunia la vitabu vitupu kwa mpokeaji mmoja, wanaliita M-bag, linabeba hadi kilo 30 hivi, ila muulize kwanza karani kama Tanzania linapokelewa wakati huo. Zamani lilikwenda kwa meli kwa bei ya karanga. Tangu 2007 ni ndege tu, na bei unaijua mwenyewe. Kwenye fomu ya forodha andika wazi kwamba ni vitabu vilivyochapishwa, usiandike "zawadi" ukaishia hapo, maana ushuru wa forodha wa vitabu Afrika Mashariki ni asilimia 0. Na weka S.L.P. pamoja na namba ya simu. Kwetu barua haibishi hodi mlangoni.

Sasa kukugombeza. Mwalimu wa Ukerewe unampelekea riwaya za theluji zilizochujwa kabatini kwa Waingereza? Kisiwa kile kimezaa waandishi! Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, akaketi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980. Miaka thelathini na mitano. Mzee akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kila nikikumbuka hilo nashindwa kulalamikia boksi lililochelewa miezi miwili. Na Kezilahabi je? Mtoto wa Namagondo, hukohuko Ukerewe, na *Rosa Mistika* yake ya 1971 inaanzia palepale Namagondo. Sisi tulikisoma kwa kukificha chini ya dawati, kwa sababu kilikuwa kimepigwa marufuku shuleni.

Muulize shangazi anataka kusoma nini. Watu hatuulizi, tunatuma.

Kutoka: Copenhagen

Shikamoo mzee, na pole dada kwa viboko.

Niongeze dogo. Kazini nina mwenzangu Mwaisilandi. Kwao, usiku wa tarehe 24 Desemba watu hupeana vitabu kisha kila mtu anajikunyata na chake mpaka usingizi umchukue. Utaratibu huo ulianza wakati wa vita kuu ya pili: bidhaa za nje zilibanwa lakini karatasi ilipatikana, basi kitabu ndicho kikawa zawadi. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vipya ilifika kila nyumba kabla ya Krismasi. Nimeiga kwa wanangu, kimoja kimoja, Kiswahili tu. Mdogo alinuna, akataka gari.

Halafu, dada, shangazi ana umri gani? Mama yangu huko Kirumba aliacha kusoma, tukadhani amechoka. Kumbe haoni! Miwani ya kusomea huku inauzwa dukani tu kama pipi.

Kutoka: Buzuruga

Mimi nilirudi nyumbani lakini hamjanitoa kwenye orodha ya kundi hili, na nisingependa mnitoe.

Maduka ya vitabu hapa mjini Mwanza yamejaa vya shule: kiada, ziada, mitihani iliyopita. Riwaya ni bahati. Kwa hiyo pigia duka la Dar, hakikisha kitabu kipo *kabla* ya kulipa, ulipe kwa simu, waambie wakikabidhi ofisi ya basi. Basi likitoka Dar alfajiri, usiku liko stendi ya Nyegezi hapa Mwanza. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe kwa maka peni juu ya boksi lenyewe, siyo kwenye kikaratasi cha gundi, na picha ya risiti itumwe kwangu. Nitapokea, asubuhi nitalipandisha boksi meli ya Nansio. Ni saa tatu hivi majini, atatuma kijana gatini. Wafunge kwa nailoni maana ni vuli, na buti la basi linavuja kama dari la jikoni kwetu.

Mwisho wako uwe tarehe 10 Desemba. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwao na mabegi, na boksi lako litalala Dar.

Kutoka: Leicester

Mzee, shikamoo, safari hii nimeiandika.

Nimempigia. Nilipomuuliza anataka nini alikaa kimya nikadhani simu imekatika. Vya Kezilahabi anavyo vyote ila *Rosa Mistika*, aliiazimisha kwa mwalimu mwenzake ambaye sasa ni marehemu na kitabu hakikurudi. Cha Kitereza alikisikia tu kwa watu. Riwaya zangu za mwaka jana ziko kwenye kabati la shule, na kuna moja inategemeza mguu wa meza. Alilisema hilo bila haya.

Miwani: namba mbili na nusu, na kamba yake ya shingoni asiikose. Taa ya sola ya kubana kwenye kitabu pia, umeme ukikatika saa mbili usiku asiishie katikati ya ukurasa.

Dar nimeshalipa vyote viwili. Buzuruga, risiti inakuja. Sasa, kuna anayeruka kwenda nyumbani mwanzoni mwa Desemba kupitia London au Birmingham? Ni miwani na taa tu, robo kilo haifiki, nitakuletea mpaka uwanjani.