Kidani kimepotea usiku wa hina: mwizi awe nani?

MpakaHina
Assalaam alaykum jamani. Kazi yangu kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi, basi majumba ya wenye nazo nimeingia mengi, na sasa nimejitia kuandika hadithi ya upelelezi. Ya kuchekesha, hafi mtu.

Nyumba ni ya matajiri wa mjini, ile wanayokwenda Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, kupunga upepo. Harusi wameipeleka huko kwa sababu mwenye nyumba anataka watu walione jenereta lake jipya. Usiku wa hina sanduku la nakshi linafunguliwa, kidani cha bibi harusi hakimo. Ufunguo ulikuwa juu ya kabati, kila mtu wa nyumba ile anajua.

Wanaoshukiwa: shangazi mtu aliyeshuka na ndege kutoka Maskati na masanduku manne, mama wa kambo, wifi ambaye simu haimtoki usoni, na dereva, ambaye wameshamnyooshea kidole kabla sanduku halijafungwa tena. Mie sitaki awe dereva. Majumba haya kikipotea kijiko, wa mwanzo kupekuliwa ni yaya, halafu kijiko kinaonekana chini ya kochi na hakuna anayemwambia samahani.

Mpelelezi wangu ni mpaka hina. Anachojua yeye ni hiki: hina ya majani inataka ikae mkononi masaa, na mwenye hina mbichi hata pua ikimuwasha humwita mtu amkune. Sasa sanduku kalifungua nani? Na mwizi akitoka na ngalawa saa nne usiku, mwezi kumi na tano, inakwenda?

Mvuvi_wa_Mashariki
Haiendi dada yangu. Mwezi kumi na tano ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na bamvua la kwetu hujaa mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Saa nne usiku maji yamekupwa kabisa, na Chwaka yakipwa yanakwenda mbali kweli. Ngalawa zimekaa juu ya tope, huyo mwizi ataburura mpaka kuche.

Lakini usiitupe hiyo ngalawa. Mwache mpelelezi ateremke pwani na taa, akute tope halina unyayo hata mmoja isipokuwa wa kaa. Basi upande wa bahari hakutoka mtu, na getini kuna mlinzi. Kidani kimo humo humo ndani.

MpakaHina
Kaka yangu, Mungu akupe samaki. Sura nzima imejiandika.

SonaraMstaafu
Mwanangu, wewe unauliza nani anakitaka kidani. Mie nimekaa na mizani umri wangu wote, nakuuliza nani hataki kionekane.

Dhahabu ya karati 22 ni sehemu 22 katika 24, na ni nzito. Tengeneza kidani cha shaba cha ukubwa ule ule, kichovye dhahabu, kwa macho hutakijua. Mkononi uzito wake ni kama nusu. Basi fanya hivi: kile cha ukoo kiliuzwa zamani kwa siri, sandukuni kikawekwa cha shaba. Miaka yote kinatazamwa tu. Sasa upande wa bwana harusi wametangaza kuwa asubuhi wanakuja na sonara wao kuipima dhahabu yote. Lazima kipotee usiku huu.

Alama nayo unayo. Bibi harusi alikijaribu mchana, jua kali, jasho. Shaba ikikutana na jasho inaacha rangi ya kijani shingoni. Nani atakayeiona ila anayemkalia karibu kumpaka?

Somo_wa_Ng'ambo
Sheikh sonara kasema kweli, na mie nakupa mtu. Ni shangazi. Wenziwe wote wamepaka hina, yeye kashikilia piko tu, ati hina ya majani inamchelewesha. Piko linakauka upesi, yeye wa mwanzo kunawa, wa mwanzo kuinuka. (Piko hilo nalo muandikie limtoe malengelenge, wengi linawafanyia hivyo.)

Kidani kafukia ndani ya bakuli la hina, maana mabaki hutupwa asubuhi. Mpelelezi anachota, kijiko kinagonga.

Kijana_wa_Vuga
Mtu asije akasema umemuiga Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Yule ana kiko mdomoni. Wako mtie koni ya hina mkononi, na asiwe na haraka hata chembe.

MpakaHina
Mzee wangu, Bi Somo, mmenimaliza. Kijiko kitagonga mbele ya wanawake wote, na bibi mzaa baba, ambaye kakaa kimya tangu magharibi, atasema: "Kipo? Alhamdulillahi. Haya, endeleeni." Polisi haitwi, watu hawa wanaogopa maneno ya mjini kuliko wanavyoogopa hasara. Ila dereva ataombwa radhi, tena ukumbini, na mwenye nyumba mwenyewe. Hapo sibadilishi.

Na shangazi alipe. Vile vikuku sita alivyovivaa avivue kabla ya ndege ya Jumapili, viwe badala ya kidani. Mzee sonara, njoo na mizani yako, tuvipime navyo.