Plastiki ya grafini: je, vyuo vya Lubumbashi viigharamie?

Mwanzisha mada, Lubumbashi
Ndugu zangu, wapo wanaohofu kwamba plastiki iliyochanganywa na grafini, yaani kaboni ya tabaka nyembamba mno, itaua soko la shaba, hivyo vyuo vyetu visiiguse. Hofu hiyo naikataa. Shaba hupitisha umeme kwa takriban simensi milioni 58 kwa mita. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichanganya grafini na plastiki iitwayo polistirini, na kwa grafini asilimia 1 ya ujazo wakapata kama simensi 0.1 tu kwa mita. Hakuna atakayefunga waya wa namna hiyo nyumbani kwake. Hata hivyo, polistirini tupu ni kizuizi cha umeme, na vipande vya grafini vilianza kugusana na kuufungulia umeme njia tangu asilimia 0.1. Upitishaji huo hafifu unatosha kuondoa umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya mahali na kuweza kutoa cheche, na hilo linatuhusu: katika viwanda vinavyotenga shaba kwa kimumunyisho (kimiminika kinachoyeyusha kitu ndani yake), mafuta yanayofanana na petroli ya taa hupita kwenye mabomba ya plastiki, na mwendo wake huzalisha chaji. Huko Olympic Dam, Australia, viwanda vya aina hiyo viliungua mwaka 1999 na 2001, na umeme tuli ukatajwa miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa. Kwa hiyo nasema tuwekeze.

Mchangiaji, Likasi
Mzee wangu, kwa heshima zote, kazi hiyo masizi ya kaboni huifanya tangu zamani kwa bei ndogo. Mabomba yakiunganishwa na ardhi na mwendo wa mafuta ukipunguzwa, hatari hupungua bila grafini. Kwa nini tuagize unga ghali wa grafini kutoka ng'ambo, ilhali umeme wenyewe unakatika mashine zikiwa kazini?

Mwanzisha mada
Kuhusu bei, umesema kweli. Lakini masizi hutiwa kwa wingi, na wingi huo huifanya plastiki iwe ngumu kuyeyushwa na nyepesi kuvunjika. Isitoshe, kiini cha jambo ni uchanganyaji, si unga. Vipande vya grafini hupenda kushikamana; ukivitawanya ndani ya kimumunyisho unapata matokeo mazuri, ila polietilini, plastiki itumikayo sana kwa mabomba, huyeyuka humo kwa joto kali tu, na kimumunyisho chote lazima kitolewe baadaye. Mashine ya parafujo mbili, inayokanda plastiki iliyoyeyushwa kwa joto bila kimumunyisho, ni safi zaidi na ndiyo inayofaa kiwandani, lakini nguvu yake huvikatakata vipande, na upitishaji hushuka. Kuingiza plastiki kwenye kalibu kwa kasi huvilaza upande mmoja visigusane vizuri. Kuikandamiza polepole, kisha kuiacha ikae kwenye joto, huvipa nafasi ya kukutana tena. Ujuzi huo mwanafunzi wa Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anaweza kuanza kuupata kwa masizi hayo hayo unayoyasifu, kwenye mashine ndogo ya maabara, na grafini ikaja baadaye kwa gramu chache. Pendekezo langu ni mashine kwanza. Mwenye bei yake, pamoja na ya jenereta ya kuilinda umeme usikatike, aiweke hapa tuijadili.