Wanafunzi wasuluhishi wanageuka makadhi, mnawafunzaje?

Mwalimu_Muyeye (Malindi)
Walimu wenzangu, salamu. Nashika ushauri nasaha katika sekondari moja ya bweni hapa Malindi. Muhula huu tunawafunza wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu kusuluhisha wenzao. Darasani wanajibu vizuri: msuluhishi hahukumu, kila mmoja aseme bila kukatizwa, makubaliano yatoke kwa wagomvi wenyewe. Ngoja sasa kesi ije. Juzi wasichana wawili waligombania zamu ya bomba. Mmoja alikuta ndoo yake imetolewa kwenye foleni, akammwagia mwenzake maji, sare chapachapa. Msuluhishi wangu akasikiliza kidogo, akakunja mikono: "Wewe ndiye mwenye makosa. Omba msamaha." Msamaha ukaombwa. Usiku wakavaana upya bwenini. Nawavuaje hili joho la ukadhi?

Bi_Langoni (Lamu)
Mwalimu, usiwalaumu. Tangu wadogo wanaona mkubwa akiamua tu, nyumbani na shuleni. Wataiga nini kingine?

Mimi nawanyima kauli. Kwenye mazoezi, msuluhishi anaruhusiwa kuuliza, au kuanza na "Nimekusikia ukisema..." kisha arudie aliyoambiwa mpaka mwenyewe aseme ndivyo. Akiteleza akatamka "ungefaa", anaondoka kitini, anakaa mwingine. Wanacheka sana, lakini wanashika. Tena wawekeni wawili wawili, mmoja akianza kuhukumu mwenzake amguse mguu.

Na hiyo ndoo: kuna aliyemuuliza mwenyewe alikwenda wapi? Na aliyeisogeza, alijua ni ya nani? Mimi ningeanzia hapo, maji baadaye.

Babu_wa_Shela
Enzi zetu bakora mbili, mambo yamekwisha.

Bi_Langoni
Babu shikamoo. Viboko shuleni vimepigwa marufuku tangu 2001. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize usuluhishi. Halafu hayakwisha, Babu, mlihamia ufukweni.

Babu_wa_Shela
Marahaba. Hapo umenipata.

Mshauri_Barani
Nyongeza moja: si kila kesi ya kupelekwa kwa wanafunzi. Kupigwa, kushikwashikwa, bangi, kidato cha kwanza anayenyang'anywa pesa kila wiki, hayo yaje kwa mwalimu moja kwa moja. Anayeonewa anaogopa. Ukimketisha na mwonevu wake "wakubaliane", atakubali chochote ili atoke mle chumbani.

Mwalimu_Muyeye
Ahsanteni. Hilo la kuondolewa kitini nalijaribu Alhamisi, kipindi cha klabu. Bi, karatasi ya makubaliano akae nayo nani? Naibu mwalimu mkuu anaitaka kwenye faili la nidhamu.

Bi_Langoni
Usimpe! Ikiingia faili la nidhamu wakajua, hakuna atakayekuja tena. Kila mgomvi ashike nakala yake. Wewe andika tarehe na kama wamekubaliana au la, basi. Naibu akishikilia, mualike aje siku ya mazoezi akae kitini yeye.