Sikwensa ya laki saba haijui kuhesabu tatu tatu. Nimechoka!

Wakuu, naandika hapa saa nane usiku, vidole vinaniuma, kwa hiyo lugha yangu mtaisamehe.

Kikundi chetu cha kidumbak, ile taarab ya ngoma ya huku kwetu Zanzibar, hakina mpiga sanduku (besi yetu ya boksi, mti na kamba). Kahamia Dar tangu mfungo mosi. Tukaona tununue sintisaiza (kinanda cha umeme) yenye sikwensa ndani, yaani kifaa kinachoshika noti ulizoiandikia na kuzirudia chenyewe, tuiandikie besi ya sanduku, wengine tuendelee na vidumbak (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga) na fidla. Muuzaji wa Darajani, mdomo wake asali, akaniapia: "Hii inapiga ngoma yoyote duniani." Nikahesabu laki saba, nikampa.

Ngoma yoyote! Ina vitufe 16 vya hatua, kila hatua nafasi ya noti moja au kimya, na kila patani mpya (mzunguko wa noti unaojirudia) inaanza na hatua 16. Mdundo wetu wa unyago unakwenda tatu tatu. Gaweni wenyewe: tatu kwenye 16 inaingia mara tano, inabaki moja. Hiyo moja ndiyo inayotuua. Besi inakwenda, inakwenda, ikifika mwisho inachechemea kama aliyekanyaga mwiba, kisha inaanza upya. Mzee wetu wa kidumbak akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidude kimelewa?"

Siku mbili nzima natafuta namna ya kuikata iishie 12. Nikaipata. Kumbe bado haijesha! Mashine inahesabu hatua nne kwa kila pigo, mie nataka tatu. Ili ngoma iende mapigo 120 kwa dakika, kwenye kioo lazima niweke 90. Yaani 90 mara nne ni 360, na 120 mara tatu ni 360. Kitabu chake hakina hata mstari mmoja wa habari hiyo, nimeipigia hesabu mwenyewe nyuma ya risiti ya umeme.

Sasa kuandika noti zenyewe. Unabonyeza noti, inasogea hatua moja. Noti, noti, kimya, noti. Kimya nacho kina kitufe chake, na ukikisahau kimoja tu, noti zote zinazofuata zinawahi, besi inaangukia pasipo pake mpaka mwisho wa mzunguko. Kidole kikigusa vibao viwili (na vyangu ni vidole vya kuvutia nyavu) inaandika hatua mbili. Kurudi nyuma hakuna. Futa zote, anza moja. Na ule mvuto wa sanduku, mtu anapoukaza mti sauti ikapanda inajikokota, hapa unauwasha hatua kwa hatua baada ya noti zote kukamilika. Usiku mmoja nimeanza upya mara tisa.

Najua wapo watakaoniletea habari za TB-303 ya Roland, mashine ya zamani ya kupiga besi, eti nayo ilikuwa ngumu, noti unaziandika peke yake na muda wake peke yake, na vijana wa Chicago wakaitolea acid house, muziki wa disko, humo humo. Hongera zao. Wao hawakuwa na harusi ya Fuoni Jumamosi.

Mara ya kumi ikakaa. Tamu, wallahi, hata mzee kacheka na mkwasa ukaanza kuitika. Umeme ukakatika. Uliporudi: hatua 16, kimya kitupu. Kumbe kuandika si kuhifadhi! Kuhifadhi kuna vitufe viwili vya kushika kwa pamoja, na kitabu kinakwambia karibu na kurasa za mwisho, baada ya maelezo ya kupangusa vumbi.

Jana nikairudisha dukani. Anasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Nikamwambia basi nipigie unyago hapa hapa, ngoma yoyote si ulisema? Akawasha, ikatoka ile biti ya kiwandani ya disko, akanitazama anatabasamu.

Jioni nimempigia mpiga sanduku. Kakubali kuja Ijumaa, ila nauli ya boti, kuja na kurudi, nalipa mie.