Shada la Subira (Subira hayumo humu)

Neema: Shikamooni wote. Bibi, Mama mdogo, Mjomba, nimefungua kikundi hiki kwa jambo moja tu. Subira sikumwingiza kwa makusudi, naomba na nyinyi msimwingize.

Neema: Harusi yake imebaki wiki tano. Maua mabichi hawezi kuyashika, mnajua chavua inavyomfanya, macho yanavimba na chafya haziishi. Nataka nimfumie shada zima kwa kroshia, na liwe jepesi kama maua ya kweli. Hili hapa waridi la kwanza, nimelimaliza jana usiku.

Neema: [picha]

Neema: Sijaridhika nalo. Ni zito, petali zinalala kama masikio. Nimekosea wapi?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Wazo lako limenigusa. Subira akishika maua siku yake bila kufuta macho, umemfanyia jambo kubwa.

Mama mdogo Salma: Marahaba Neema. Uzi gani huo? Na sindano ya milimita ngapi?

Neema: Akriliki, ule mnene uliobaki kwenye sweta. Sindano ya 4.

Mama mdogo Salma: Uzito umetoka hapo. Uzi wa sweta hautoi waridi laini hata ufume kwa ustadi gani. Tafuta uzi wa pamba namba 10 na sindano ya 1.5. Namba za nyuzi hizi zinakwenda kinyume, namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo 20 ni mwembamba kuliko 10. Usikimbilie 20 kwa sasa, utaumiza macho bure.

Mama mdogo Salma: Tena akriliki ukiipiga pasi ya moto inalegea na hairudi tena. Pamba inavumilia pasi, inavumilia mvuke, na inashika wanga.

Neema: Sawa Mama mdogo. Lakini kuna jingine. Maelezo yanasema petali za ndani ziwe fupi, zijikunje zenyewe. Zangu zimetoka ndefu mara mbili.

Mama mdogo Salma: Maelezo ni ya nchi gani? Na mishono ulijifunzia wapi?

Neema: Maelezo ya Uingereza. Mishono nilijifunza kwa video za Marekani.

Mama mdogo Salma: Haya, tumempata mchawi. Wote wana mshono wanaouita dabo, lakini hawamaanishi kitu kimoja. Dabo ya Uingereza ndiyo ile Wamarekani wanaita singo. Umeambiwa ufume mshono mfupi, wewe ukafuma mrefu, petali nzima ikapanda juu.

Mama mdogo Salma: Mimi majina yao niliyaacha zamani, naziita fupi na ndefu. Fupi: ingiza sindano, vuta uzi, una vitanzi viwili, vuta uzi upite vyote kwa mkupuo. Ndefu: zungusha uzi kwanza kwenye sindano, ingiza, vuta, una vitanzi vitatu, toa viwili, kisha toa viwili. Ukipata maelezo yoyote, kabla hujagusa uzi soma juu kabisa yameandikwa kwa lugha ya nani.

Neema: Siku nne nimehangaika kumbe ni neno moja!

Mjomba Idi: Ulifumue au uliache?

Neema: Nalifumua sasa hivi Mjomba.

Bibi: Usilifumue. Liweke. Utakapomaliza la pili uyalaze pamoja kwenye meza uone mkono wako ulivyobadilika. Uzi wa sweta una kazi gani nyingine?

Bibi: Na kabla hujaanza la pili nakuomba kitu. Tafuta waridi la kweli, ulikalie chini, ulitazame. Usilitazame kwa picha. Lishike, libanduebandue petali moja moja kuanzia nje. Utaona zile za nje zimepinda midomo kwenda nyuma, zile za katikati zimebanana kama watu waliojifunika shuka moja. Hakuna petali mbili zilizolingana. Mtu anayefuma petali zote kipimo kimoja anafuma kitufe.

Neema: Nitalitafuta kesho Bibi.

Mama mdogo Salma: Mama amesema kweli, na ndiyo maana waridi mimi silifumi kwa duara. Nafuma utepe halafu naukunja. Mnyororo wa vitanzi kama 45. Mstari wa kwanza, kila ukiruka vitanzi viwili unatia ndefu, mnyororo mmoja, ndefu tena humo humo, inatoka kama herufi V. Mstari wa pili kila V unaijaza petali. Petali tatu nne za mwanzo zijaze kwa fupi, zinazofuata kwa ndefu tano, za mwisho kwa ndefu saba. Utepe utaanza kujikunja wenyewe kama konokono, uache. Anza kuviringisha kwenye ncha ya petali ndogo, hiyo ndiyo roho ya ua, ukaze. Ukienda nje legeza mkono. Kila mzunguko mmoja shona chini kwa sindano ya kawaida, usingoje mpaka mwisho.

Mama mdogo Salma: Na mkia wa uzi uache mrefu, shibiri moja na nusu. Ndio utakaoshonea.

Baraka: Shikamooni. Dada Neema, mimi kufuma sijui ila nina swali. Kwenye orodha yako ya maua ya shada umeandika kanesheni, yale yenye ukingo wa mawimbi. Yale mawimbi ya ukingoni unayapataje?

Neema: Kwa kuongeza mishono. Kila tundu unatia miwili.

Baraka: Basi hilo nalijua kwa upande wa hesabu! Ukifuma duara bapa kwa fupi unaongeza sita kila mzunguko, 6, 12, 18, 24. Ukitia mbili kila tundu inakuwa 6, 12, 24, 48, 96. Ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, hauna pa kwenda, ndiyo unapanda na kushuka. Kuna mwanahisabati, Daina Taimina, mwaka 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitumia kroshia hiyo hiyo kuwaonyesha wanafunzi umbo la haipaboliki, yaani uso unaozidi kupanuka kuelekea ukingoni mpaka unajikunja mawimbi. Kabla yake walikuwa wanagundisha karatasi, zinachanika. La uzi unalikunja, unalivuta, halivunjiki. Nilipoona picha zake nilidhani ni ua.

Mama mdogo Salma: Baraka mwanangu, miaka yote nafuma mawimbi hayo sikujua yana jina.

Bibi: Kumbe mkono ulijua.

Neema: Hiyo 96 si ni nyingi mno kwa ua moja?

Mama mdogo Salma: Kwa uzi wa namba 10 ishia 48, kisha mzunguko wa mwisho wa fupi bila kuongeza, kwa rangi iliyopauka kidogo. Ukingo utaonekana mwembamba kama umenyauka kidogo kwa jua. Ni kitu kidogo lakini ndicho kinachomfanya mtu alisogeze ua puani.

Neema: Nimepanga hivi: waridi 7, tumba 4 ambazo hazijafunguka, kanesheni 5, vile viua vidogo vyeupe 20, majani 12. Waridi moja linanichukua saa mbili. Nimepiga hesabu, peke yangu sifiki.

Mjomba Idi: Kwa nini uwe peke yako? Tugawane.

Mama mdogo Salma: Ndivyo walivyofanya wanawake wa Ayalandi wakati wa ile njaa kubwa iliyoanza 1845. Waliuza kroshia ili waishi. Huyu anafuma waridi, yule majani, mwingine anayaunganisha kwa wavu wa uzi. Kola moja imepita mikono mingi.

Bibi: Tugawane, lakini kwa aina. Mkono haufanani na mkono. Wangu unabana, wa Salma umelegea. Tukigawana waridi kila mtu mawili mawili, shada litaonekana limeokotwa. Neema afume waridi zote na tumba zake, maana ndiye mwenye shada. Salma kanesheni na majani. Viua vyeupe nipeni mimi. Macho yangu bado yanaona uzi mweupe mchana, usiku ndiyo sioni.

Neema: Bibi, ishirini ni vingi.

Bibi: Nimeshasema.

Mjomba Idi: Vikonyo ni vyangu. Waya upo, ule uliovikwa karatasi. Ncha ya juu naikunja kwa koleo kama kulabu, nashusha waya kupitia katikati ya ua, kulabu inauma uzi, ua halichomoki tena. Chini nako nakunja, harusini kuna watoto. Kisha utepe wa maua. Neema, utepe ule una nta, ukiuzungusha bila kuuvuta haunati. Uvute mpaka urefuke, ndipo unajishika wenyewe.

Neema: Mjomba basi naomba tuanze waya wiki hii, kila ua likiisha unalitia.

Bibi: Hapana. Subirini.

Bibi: Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kumfumia rafiki yangu yungiyungi nyeupe, tisa. Niliipenda kazi ile kuliko zote. Nikazitia waya kwanza, halafu ndipo nikazichovya kwenye wanga nizikaushe. Asubuhi kila ua lilikuwa na doa la kahawia katikati, kutu ya waya. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kirahisi. Nilizifua, nikazianika juani, halikutoka hata moja. Sikuwa na siku za kuzifuma upya. Alikwenda mikono mitupu, na mpaka leo naliona lile doa.

Bibi: Kwa hiyo wanga kwanza, ua likauke mpaka ndani, siku mbili, ndipo Idi aguse.

Mjomba Idi: Nimekuelewa Mama. Siku mbili.

Neema: Pole sana Bibi.

Mama mdogo Salma: Wanga uwe mwepesi, Neema. Koroga kijiko kimoja kwenye maji baridi kwanza, kisha chemsha mpaka uwe kama maziwa yaliyoanza kuganda, upooze. Chovya, kamua, bandika petali kwa pini kwenye sponji, kila moja uipinde kwa kidole inavyotaka kukaa. Wengine wanatumia maji ya sukari. Usithubutu, siku ya unyevu linanata na sisimizi wanalifuata.

*(siku ya tatu)*

Neema: Shikamoo Bibi, shikamooni. Pamba imepatikana, na waridi la kweli nililibandua lote kama ulivyosema Bibi. Petali 31! Nimeanza na tumba, ndogo kuliko kidole gumba. Petali ya nje moja nimeiacha imefunguka upande mmoja tu kwa sababu lile la kweli lilikuwa hivyo.

Neema: [picha]

Mama mdogo Salma: Neema! Hii sasa ni tumba.

Baraka: Nimekuza picha nione uzi. Sikuuona mara moja.

Mjomba Idi: Shingo yake nyembamba, nitaitafutia waya mwembamba kuliko ule.

Bibi: Nzuri sana. Igeuze nione mgongo.

Neema: [picha]

Bibi: Mkia wa uzi wa katikati umeukata karibu mno. Pale ulipoanzia kwa kitanzi cha kukaza, mkia ule ndio kufuli. Ukikatika mfupi, Subira akilishika shada saa nne mfululizo kitanzi kinaachia na katikati panatoboka. Mkia unaobaki uuingize kwenye sindano nyembamba, uuzungushe chini ya mishono upande wa kulia, kisha urudi nao kushoto, mara mbili. Usikate tena chini ya urefu wa kidole.

Neema: Nimeutoa kwa pini, umefika. Nazungusha sasa.

Bibi: Ukimaliza nitumie tena mgongo wake.