Mnaomba mkosolewe, mkikosolewa mnanuna. Nimechoka!

Wadau wa kundi letu la wapiga picha, salamu zitakuja baadaye, kwanza nitoe la moyoni.

Juzi bwana mmoja ameweka picha za harusi alizopiga Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi. Chini akaandika kwa herufi kubwa: "NAOMBA MAONI, MSINIHURUMIE." Haya. Nikaketi, nikaziangalia moja moja, nikamwandikia aya nzima. Nikamwambia kilichoharibu kazi ni saa aliyochagua. Nairobi iko jirani kabisa na ikweta, na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita na nusu linasimama karibu wima juu ya utosi. Ndiyo maana macho ya bibi harusi yamekuwa mashimo mawili meusi na pua imemtilia kivuli mdomoni. Nikamshauri siku nyingine awasogeze maharusi chini ya mti, awageuze uso upande wa uwazi, na mtu ashike kitambaa cheupe usawa wa kiuno ili mwanga urudi usoni kutoka chini. Bei ya kitambaa tu, hakuna vifaa vya ajabu. Nikasifu pia ile moja ambayo shangazi anamfunga bibi harusi kiatu, kwa sababu ilistahili.

Nikajibiwa nini? "Buda, hiyo ni wivu. Wewe umepiga harusi ngapi?" Halafu chini yake msururu wa vimoto, vile vikatuni vya moto vya kusifia, na "kali", "noma", "umeweza". Mtu mzima amekuomba usimhurumie, usipomhurumia anakuita mchawi!

Kama mnataka sifa, semeni mnataka sifa. Hakuna aibu. Mama yangu pia ananisifia kila picha, hata zile zenye kidole changu mbele ya lenzi. Lakini msituite tuje kukosoa halafu mkatununia kama tumekula chakula cha wageni.

Na ile sheria yetu, ya kwamba ukiweka picha moja unatoa maoni kwa mbili za wenzako, imekufa lini? Naona watu wanamwaga picha kumi za nganya ileile, yaani matatu iliyopambwa, kutoka upande uleule, zenye taa zilezile za zambarau, kisha wanapotea. Wakirudi ni kumwaga nyingine. Picha ya mwenzio umeipita kama bango la Mombasa Road.

Lililoniudhi kuliko yote ni hili. Kuna dada mgeni hapa aliyeleta picha aliyopiga kwa simu, ya wale marabu, korongo wakubwa wanaolala juu ya miti karibu na Nyayo Stadium. Jioni, anga limeshika rangi ya chungwa, ndege mmoja amefungua mabawa, na chini yake kondakta ananing'inia mlangoni mwa matatu, mkono mmoja hewani. Mkono na bawa vimelingana! Sijui kama alilenga au alibahatika, na hainihusu. Kwa latitudo yetu jua likizama giza linaingia haraka, huna nafasi ya kubembeleza tukio kama hilo lirudiwe. Picha ilikuwa na kasoro mbili tu: upeo umeinama kidogo kulia, na kuna nguzo ya taa ukingoni mwa kushoto ambayo angeikata bila kupoteza kitu.

Maoni ya kwanza aliyopewa: "Hii ni simu gani?" Ya pili: "Tafuta kamera kwanza, dada." Ya tatu mtu akaanza kumpigia hesabu ya lenzi. Hakuna aliyeutaja mkono. Hakuna aliyeliona bawa. Dada hajarudi tena, na mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

Mohamed Amin, mpiga picha wa habari, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, alianza akiwa mtoto na kamera ya mtumba, Box Brownie, kisanduku ambacho leo nusu yenu mngekicheka. Huyo ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia. Nyinyi mnasema hamwezi kupiga uso wa mtu kwa sababu lenzi yenu ni ile iliyokuja na kamera.

Halafu kuna hawa makasuku wa kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu mara tatu na kuweka kitu kwenye mstari badala ya katikati. Mwenzetu amepiga Msikiti wa Jamia kutoka mbele, minara miwili pacha huku na huku, kuba katikati, kila kitu kimepimana. Mtu anakuja: "Ungeweka kwenye theluthi ndugu, katikati haipendezi." Theluthi ipi? Jengo limepimana hivyo tangu lijengwe, unataka mnara mmoja ubaki nje ya fremu ndipo ufurahi? Mtu amejifunza kanuni moja basi anaigonga nayo kila picha.

Ushauri mwingine unaonipandisha presha ni "ongeza mwangaza" kwa kila uso mweusi. Kipima mwanga cha kamera hakijui binadamu. Kinadhani kila kilicho mbele yake kinapaswa kuwa kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaupunguza ukuta na uso unazama. Pima mwanga usoni, au ongeza kiasi wakati wa kupiga, yamekwisha. Lakini uso ukijaa fremu nzima kamera inafanya kinyume: inaongeza mwanga yenyewe na ngozi inapauka. Hapo unatakiwa kupunguza! Sasa nyie mnamwambia mtu aongeze, anakwenda kuvuta kila kitu kwenye programu ya kuhariri, babu wa watu anatoka rangi ya majivu, na mnampa vimoto.

Sijawasahau wa upande wa pili, wale wa "futa hii takataka". Huo nao si ukosoaji. Ukisema mbaya, sema wapi.

Msimamizi, nakuomba hadharani. Fungua sehemu mbili, moja ya kupongezana na nyingine ya kukosoana, na anayeweka picha achague mwenyewe mlango, asije akalia. Sheria ya moja kwa mbili irudi, na asiyetoa maoni picha yake isubiri. Na swali la "ni simu gani" lipigwe marufuku mpaka mtu awe ametaja angalau jambo moja lililomo ndani ya picha.

Ili msiseme nabwabwaja tu, yangu hii hapa chini: fundi viatu wa River Road, asubuhi, mwanga unaingia kutoka kushoto katikati ya majengo. Uso nimeupima kando na ukuta nimeuacha uungue, yaani uwe mweupe kupita kiasi. Wengine mtaona nimeuacha mno. Anzeni na hapo, na atakayeandika "kali" aeleze kali wapi.